Kisima kimegoma? Pima kabla hujang'oa pampu: dalili na visababishi kwa visima vya pwani ya Tanga

Kuanzia Mkinga hadi Pangani, shida ya maji kijijini ina mwendo wake. Gati, yaani kituo cha kuchotea maji, likikauka, kamati inakaa, michango inapigwa, fundi anaitwa na tripodi yake, pampu inang'olewa. Mabomba ya mita hamsini yanalazwa chini ya mwembe, watoto wanayazunguka, na mara nyingi tu pampu inakutwa nzima. Hela imekwenda, waya umekwaruzwa, na shida iko palepale kwa sababu haikuwa kwenye pampu.

Mwongozo huu ni wa kamati za maji, wahudumu wa vyombo vya watumia maji tunavyoviita CBWSO, na mtu yeyote mwenye kisima chake uani. Umepangwa kwa dalili. Nenda kwenye dalili yako, fanya vipimo, andika namba. Namba zikishasema, ndipo mjadili hela.

Vitu vya kuwa navyo

Daftari la jalada gumu. Dumu la lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Futi kamba ya chuma ya mita 30 au 50, na chaki ya shule. Geji ya presha ya kufunga kwenye koki. Na kipimo cha mkononi cha upitishaji umeme kwenye maji, kile kinachofanana na kalamu nene na kinachoonyesha chumvi: maji yakizidi chumvi, namba inapanda. Hiki wengi hawana, na kwa kisima cha pwani ndicho ningekinunua mbele ya vyote. Hakikisha kinasoma kwa maikrosimensi kwa sentimita, na ununue pamoja na maji yake ya kurekebishia, yale ya 1,413. Kipimo kisichorekebishwa kitakudanganya bila aibu.

Chaki ni ya kupimia kina cha maji. Futa futi kwa kitambaa chenye klorini, paka chaki mita mbili za mwanzo, funga kiuzito kidogo, shusha mpaka namba kamili ikae kwenye mdomo wa kisima, kisha vuta. Ukishusha hadi mita 25 na chaki ikalowa sentimita 80, maji yako mita 24.2 kutoka mdomoni. Kisima kilichofungwa vizuri kina kibomba chembamba cha kupitishia futi. Kama chako hakina, shusha taratibu futi isije ikanaswa na waya wa pampu, na siku pampu itakapotoka kwa sababu ya haki, hakikisha kibomba kinawekwa.

Pima pampu ikiwa imelala usiku kucha, kisha pima tena ikiwa inafanya kazi. Namba ya kwanza ni ya ardhi, ya pili ni ya kisima chako. Karibu na bahari pima saa ileile ya maji kujaa au kupwa, kwa sababu usawa wa visima vya ufukweni hupanda na kushuka na bahari, kwa kuchelewa kidogo. Nimeona watu wakisherehekea kwamba kisima kimepona, kumbe walipima maji yamejaa.

Dalili ya kwanza: maji yameanza kukolea chumvi

Hii ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote, basi tuikalie.

Karibu na pwani, maji baridi yaliyotokana na mvua hayajakaa juu ya mwamba mkavu. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi kavu, kama mafuta ya nazi yanavyoelea juu ya mchuzi. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa kama asilimia 2.5 tu, lakini tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoyaweka chini. Mholanzi Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kivyake, walifikia hesabu moja zaidi ya miaka mia iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyoko juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Sasa igeuze. Ukishusha usawa wa maji kwa mita 1 na kuuacha hivyo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40. Haupandi siku hiyohiyo, lakini unapanda.

Na haihitaji mengi. Mchanganyiko wenye asilimia 2 tu ya maji ya bahari una kloridi ya kutosha kuvuka miligramu 250 kwa lita, kiwango ambacho ulimi huanza kulalamika.

Kwenye kipimo chako, maji ya mvua yatasoma chini ya 50. Kisima kizuri cha kwetu kitakaa kati ya 300 na 1,000. Ukivuka 1,500 hivi, chai inaanza kusemwa. Bahari yenyewe ni kama 50,000.

Pumzisha pampu usiku. Asubuhi iwashe, soma baada ya dakika 5, nusu saa, saa 1 na saa 3, na kila mara pima pia kina cha maji. Rudia siku ya bamvua, bahari inapopanda na kushuka sana, na siku ya maji mafu, inaposogea kidogo. Baada ya hapo chumvi yako itaangukia moja ya mafungu haya.

*Asubuhi tamu, mchana chungu.* Namba zinaanza, tuseme, 700, zinafika 1,900 baada ya saa tatu, na kesho asubuhi zimerudi 700. Pampu inavuta kwa nguvu kiasi kwamba maji ya chumvi yaliyo chini yake yananyanyuka kama kichuguu hadi kuingia mdomoni mwake. Kisima si kibovu, mvuto ndio mkubwa. Kama mlikuwa mkivuta lita 3,000 kwa saa kwa saa nne, vuteni lita 1,000 kwa saa kwa saa kumi na mbili. Maji ni yaleyale lita 12,000 kwa siku, kichuguu hakinyanyuki. Kwa pampu ya kawaida ya umeme, bana valvu ya kutokea taratibu huku ukiangalia ampea. Pampu za skrubu usizibane hata siku moja, punguza mwendo wake kwenye kontrola. Kwa sola saa kumi na mbili hazipatikani, kwa hiyo punguzeni kasi na mkubali kiasi kinachopatikana, kisha mwongeze kisima cha pili chenye kina kifupi mbali kidogo. Visima viwili vinavyovuta polepole ni bora kuliko kimoja chenye pupa. Hatua inayofuata ni kunyanyua pampu mita chache, na ya mwisho ni kuziba sehemu ya chini ya kisima kwa udongo wa mfinyanzi au saruji, kazi ya mtu anayejua anachofanya.

*Inakuja na bamvua.* Bibi mmoja upande wa Pangani aliniambia, "Mwanangu, kisima hiki huandama mwezi," nami nilipolinganisha daftari la kijiji na kalenda ya mwezi nikamkuta sahihi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa mita tatu hivi, na penye mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, maji yake hupita chini kwa wepesi. Jazeni tenki siku za maji mafu, na siku za bamvua washeni pampu maji yakiwa yamekupwa. Ni suala la ratiba, na ratiba haina gharama.

*Inapanda kidogo kila mwaka, kwa wote.* Ukiona kisima chako, cha jirani na cha msikitini vyote vimepanda, hakuna fundi wa kisima kimoja atakayekuponya. Eneo zima linavuta zaidi ya mvua inavyorudisha. Hapo andikeni barua, pamoja na nakala za daftari, kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Ndiyo yenye mamlaka juu ya maji ya ardhini ya upande wetu, pamoja na mito ya Umba, Zigi na Msangazi. Tanga tunajisifu kwa waja leo waondoka leo. Bahari haina tabia hiyo: ikiingia kwenye mwamba leo, inaweza kuchukua miaka mingi ya mvua kuitoa.

*Ghafla, ndani ya siku chache.* Shuku kuta za kisima. Bomba la chuma lililoliwa na kutu au la plastiki lililopasuka linaruhusu maji ya tabaka la juu yenye chumvi kuingia. Au kuna kisima kipya chenye pampu kubwa kimewashwa jirani, jambo ambalo utalijua kwa kuuliza dukani.

Kama uko mbali na bahari na maji yamekuwa na chumvi tangu siku ya kuchimba, hiyo ni chumvi ya mwamba. Tafuta mahali pengine.

Na sasa onyo. Kisima cha pwani kikianza chumvi, ushauri wa kwanza utakaosikia ni "tuongeze kina." Huko bara ushauri huo unaweza kuwa na maana. Hapa pwani mnalipa hela kwenda kuifuata bahari.

Dalili ya pili: pampu inanguruma, maji hayapandi au yanakuja kama mate

Pima kwanza unachopata. Dumu la lita 20 likijaa kwa sekunde 40, ni lita 1,800 kwa saa. Linganisha na karatasi ya pampu au na daftari la mwaka jana.

Kisha pima kina pampu ikifanya kazi. Hapa njia zinagawanyika, na kipimo hiki kimoja kinaokoa pampu nyingi kuliko spana zote.

Kama maji yameshuka hadi karibu na pampu, kisima hakilishi. Huenda ni kiangazi cha kawaida, na daftari litaonyesha kwamba Februari ya kila mwaka huwa hivi. Huenda matundu ya bomba la chini yameziba kwa chokaa, kutu au mchanga. Utajua kwa kulinganisha: kama usawa wa asubuhi haujabadilika tangu mwaka jana lakini usawa wa wakati wa kuvuta umeshuka sana, ardhi ina maji, mlango ndio umeziba. Kisima kioshwe kwa hewa au kwa kusukwasukwa. Pampu mpya hapo ni hasara, tena kubwa zaidi itakausha kisima haraka na kuungua.

Kama maji yako juu, mita nyingi juu ya pampu, na bado hayapandi, tatizo liko kwenye bomba la kupandishia, valvu au pampu. Zima pampu, tega sikio mdomoni mwa kisima. Ukisikia maji yanarudi kwa kishindo, valvu ya kuzuia maji yasirudi imekufa. Ukisikia mchirizi kama wa mvua wakati pampu inafanya kazi, bomba limetoboka katikati.

Kuna moja ambayo ni aibu kuilipia. Pampu ya umeme wa fezi tatu ikiwa imefungwa waya mbili kinyume, inazunguka kinyumenyume: inanguruma, inatoa maji kidogo, kila mtu anaamini imechoka. Kama shida imeanza siku ileile fundi umeme alipogusa boksi, au baada ya kazi kwenye laini ya umeme, badilisha waya mbili kati ya tatu, ujaribu. Zima swichi kuu kwanza, tafadhali.

Ampea nazo zinasema. Chini sana kuliko kawaida: pampu inavuta hewa au shafti imekatika. Juu sana: mchanga umebana au bearingi zinakufa. Hapo ndipo tripodi inapata haki yake.

Dalili ya tatu: sola inasukuma saa mbili tatu tu kwa siku

Nenda saa sita mchana, anga likiwa wazi, upime dumu. Kama saa sita maji ni mazuri lakini asubuhi na jioni hakuna kitu, angalia vivuli. Paneli zikiwa zimeunganishwa mfululizo, kivuli cha kuti moja la mnazi juu ya paneli moja kinapunguza nguvu ya msururu mzima, si ya paneli ile peke yake. Mnazi uliokuwa mfupi siku ya uzinduzi hauko mfupi leo. Kukata kuti ni bure, kukata mnazi wa mtu ni kesi, kwa hiyo hamisheni paneli.

Kama hata saa sita ni dhaifu, fungua viungio vya waya. Upepo wa kusi unabeba chumvi hadi mbali na ufuo, na ukikuta unga wa kijani kwenye shaba, umeme wako unaishia hapo. Kiungio chenye joto kuliko wenzake kinajitaja chenyewe. Badilisha kiungio, usikifunge na mfuko wa nailoni.

Paneli zioshwe asubuhi kabla hazijapata moto, kwa maji ya mvua ikiwezekana, maana maji ya chokaa yanaacha madoa. Huku kwetu, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, ziinamie kaskazini kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua izioshe. Nimekuta zilizosimamishwa kama ubao wa darasa kwa sababu fundi aliiga picha ya Ulaya.

Dalili ya nne: tenki limejaa, magati ya mwisho makavu

Watu wa magati ya mwisho watasema wa mwanzo wanamaliza maji. Wakati mwingine ni kweli. Funga geji kwenye gati la mwisho usiku wa manane, wakati hakuna anayechota. Kila mita 10 za mwinuko kati ya tenki na gati ni baa 1. Tenki likiwa juu kwa mita 18, geji isome karibu 1.8. Ikisoma hivyo usiku na kuanguka mchana, bomba ni jembamba kwa idadi ya watu wa sasa. Ikisoma pungufu hata usiku, maji yanavuja au yamezibwa njiani. Ikiruka-ruka na koki kukohoa, hewa imejifungia kwenye kilima. Inahitaji valvu ya kutoa hewa pale juu, na kama ipo, huenda imefukiwa na mtu aliyepanda mihogo.

Mvujo hutafutwa usiku pia. Kati ya saa nane na saa kumi, funga maji ya kuingia kwenye tenki, weka alama ya usawa, subiri saa moja. Tenki la duara lenye kipenyo cha mita 5 likishuka sentimita 10, zimetoka karibu lita 2,000. Kwa usiku wenye urefu wa saa nane ni karibu lita 16,000, yaani madumu 800 ambayo hakuna aliyeyanywa. Kisha funga valvu za matawi moja moja. Tawi ambalo ukilifunga tenki linatulia, ndilo. Tembea nalo na nondo: ncha moja kwenye bomba au valvu, ncha nyingine sikioni. Mvujo unasikika kama kitu kinachokaangwa. Asubuhi tafuta majani mabichi kwenye kiangazi na mbuzi wanaopenda mahali pamoja.

Mambo haya si ya kijijini peke yake. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji, waliuza hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa miradi ya mazingira kutoka kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, na maji yanayopotea ardhini hayalipi hata senti ya mkopo wa namna hiyo. Kijiji hakina soko la hisa, lakini saa moja ya kukesha tenkini kinayo.

Kwa mwenye mita nyumbani anayelalamikia bili: funga koki zote, angalia kidude kidogo kinachozunguka kwenye mita. Kikizunguka, unavujisha baada ya mita. Mwaga rangi ya chakula kwenye tenki la choo cha kuvuta, na ikionekana bakulini bila mtu kuvuta umempata mwizi. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inakula zaidi ya lita 20 kwa siku. Na pale maji yanapotoka kwa mgao, mita huzungushwa pia na hewa inayotangulia maji, kwa hiyo usiache koki wazi ukisubiri yaje.

Dalili ya tano: rangi, harufu, ukoko

*Yanatoka meupe, yanageuka mekundu ndooni, chai inakuwa nyeusi kama wino.* Chuma. Kimeyeyuka chini pasipo hewa, kikikutana na hewa kinakuwa kutu. Hakiui, kinaudhi. Yapitisheni maji kwa kurushwa hewani kama mvua juu ya kichujio cha mchanga kabla ya tenki, na mchanga uoshwe mara kwa mara.

*Yai bovu.* Bakteria wasiohitaji hewa, kawaida karibu na tope la mikoko au kwenye kisima kilicholala muda mrefu. Vuta maji kwa siku nzima kwanza. Harufu ikibaki, rusha hewani kama hapo juu.

*Sabuni haitoi povu, birika lina ukoko mweupe.* Chokaa, na kwetu si ajabu: miamba iliyotoboka mapango ya Amboni ndiyo hiyohiyo maji yanayopita. Kwa afya hayana neno. Kuna wauzaji wanaopita nyumba kwa nyumba na kifaa cha nyaya mbili kinachochomekwa kwenye glasi, maji yanageuka kahawia, mama wa nyumba anashtuka. Kile ni chuma cha nyaya zenyewe kinachoyeyuka kwa umeme. Maji yasiyo na madini hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana glasi "yao" inabaki nyeupe. Usinunue kitu kwa mtihani huo.

*Tope baada ya mvua.* Kwa maji ya bomba ya jijini, chanzo ni Mto Zigi unaoshuka kutoka misitu ya Amani hadi bwawa la Mabayani. Masika ikipiga kwenye mashamba ya mtelemkoni, mto unabeba udongo na mtambo lazima uongeze dawa ya kugandisha tope. Nyumbani shabu hufanya kazi ileile, lakini maji yaliyokaa yakawa meupe bado yanahitaji klorini au kuchemshwa. Kwa kisima kirefu, tope baada ya mvua ni habari mbaya zaidi: maji ya juu yameingia. Nenda dalili inayofuata.

Dalili ya sita: maji meupe kabisa, matumbo yanauma

Kipimo cha upitishaji umeme hapa hakisaidii. Hakioni vijidudu. Maji yanaweza kusoma 300 na kuwa na kinyesi.

Peleka sampuli maabara, kwenye chupa iliyochemshwa, ndani ya barafu, ifike siku hiyohiyo. Chukua sampuli tatu: mdomoni mwa kisima, kwenye gati, na kwenye ndoo ya nyumbani. Ya tatu watu huisahau, na mara nyingi ndiyo yenye kosa peke yake: kopo linalotumbukizwa na kila mkono. Kama uchafu uko kisimani, angalia saruji ya kuzunguka mdomo kama ina ufa, angalia kama maji ya mvua yanatuama hapo, angalia vyoo. Kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima ilifikiria udongo unaochuja. Mwamba wa chokaa wenye nyufa hauchuji, unasafirisha. Penye mawe hayo, umbali mkubwa zaidi na klorini ya kudumu si anasa.

Kuua vijidudu ndani ya kisima: kisima cha inchi 6 chenye mita 30 za maji kina kama lita 530. Ili kupata miligramu 50 za klorini kwa lita, inatosha gramu 40 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65. Ikoroge kwanza kwenye ndoo ya plastiki, vaa glavu, mimina, zungusha maji kwa mpira wa bustani yarudi kisimani, acha usiku kucha, kisha vuta umwage mbali na bustani mpaka harufu iishe. Tangazeni kijiji kizima kabla, watu wasichote. Baada ya hapo, klorini ya kila siku ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita kwenye gati la mwisho, ikipimwa kwa vidonge vya rangi. Kama dalili zimepata watu wengi kwa pamoja, zahanati ijue siku hiyohiyo, kabla ya kamati kukaa.

Dalili ya saba: sensa au mita ya tokeni inasema mambo ya ajabu

Sensa ya usawa inasema tenki limejaa na gati ni kavu: mara nyingi kijibomba chake cha kupumulia kimeingia unyevu, au imeanza kupotoka. Ilinganishe na chaki kila mwezi na uandike tofauti. Takwimu zimekatika kwenye simu: bando la laini limeisha, au betri. Mita ya tokeni imepokea tokeni na haifungui: mchanga kwenye valvu yake, au betri tena. Usiipige.

Ukifika mwisho na bado hujajua

Mwite fundi, au ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na uwapelekee haya kwa ujumbe mmoja: kina cha maji kikiwa kimelala na kikivutwa, sekunde za dumu, ampea, namba za chumvi na saa zake, na tarehe tatizo lilipoanza. Fundi mzuri ataanza kuuliza maswali papo hapo kwenye simu. Ambaye jibu lake ni "nakuja na tripodi" mwache aendelee na safari zake.

Wakisema lazima kisima kipya, kumbukeni kwamba chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kisima kirefu na matumizi yake vinahitaji kibali kutoka bodi ya bonde, na mchimbaji awe na leseni. Msimlipe awamu ya mwisho kabla hajakabidhi taarifa ya uchimbaji: tabaka moja baada ya jingine, kina kila maji yalipokutwa, matundu ya bomba yako mita ngapi, na jaribio la kuvuta maji pamoja na namba za chumvi mwanzo na mwisho wake. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, ndani ya faili, si nyumbani kwa mwenyekiti.